Kirangozi Aliyeipima Motokaa

Hakupata kupanda motokaa hata siku moja, lakini katika Dodoma ya wakati wa Wajerumani hapakuwa na mtu aliyeichunguza motokaa kama yeye. Tulimwita Kirangozi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya kabla ya reli kutufikia: kutangulia mbele ya misafara ya wapagazi, kuchagua njia, kuchagua kambi, na kuwajibika kwa kila mzigo uliofika pungufu. Jina lake la kuzaliwa nalijua. Sitaliandika, kwa sababu wajukuu zake wako hai na hawajanikosea.

Yeye ndiye aliyemfanya mume wangu aitwe mwizi. Naliweka neno hili mwanzoni ili asije mtu akasema kwamba nilimsifu kwanza, kisha nikamgeuka. Sifa zake nitazitaja zote, maana alikuwa nazo.

Nilijifunza kusoma mwaka 1913, nikiwa mke wa mtu, katika darasa la wanawake huko Mpwapwa. Tarehe za kabla ya hapo nilizipata kwa kuhesabu kurudi nyuma, kwa Jumapili za kanisa na kwa siku za garimoshi, na kila moja niliihesabu mara mbili. Atakayebishana nami na alete hesabu yake.

Motokaa ililetwa kutoka pwani mwezi wa Juni 1912, imefungwa kamba juu ya behewa la wazi kama fahali mkorofi. Aliyekuja nayo alikuwa Mjerumani tuliyemwita Bwana Fundi, mtu mrefu ambaye mikono yake ilikuwa na mafuta hata siku ya ibada. Alitumwa kuonyesha jambo moja: kwamba mizigo ya Kondoa, iliyochukuliwa na wapagazi kwa siku saba au nane, ingeweza kufika kwa siku mbili. Boma lilimpa Kirangozi wa kumwongoza. Kirangozi naye akamchagua mume wangu, aliyekuwa mpagazi wake kwa misimu mitano, awe mtunza madebe ya benzini.

Nilikuwapo stesheni siku ilipoteremshwa. Bwana Fundi alituhutubia kwa Kiswahili cha kuokoteza. Alisema magurudumu yake yamevishwa mpira uliojazwa upepo, kwa hiyo mizigo haitavunjika. Alisema ina breki mbili, ya mguu na ya mkono, kwa hiyo haiwezi kumkimbia mwenyewe. Alisema inakunywa benzini kidogo kuliko mashine zote zilizoitangulia. Kirangozi aliizunguka mikono ikiwa nyuma, akachungulia chini ya tumbo lake, akanusa.

"Bwana," aliuliza, "haya umeyaona au umeambiwa?"

"Nimeambiwa na walioitengeneza."

"Vema. Nami sijapata kukutana na mganga aliyeikashifu dawa yake mwenyewe."

Wanawake tulicheka tukiwa tumejifunika midomo kwa nguo zetu. Bwana Fundi alipotafsiriwa alicheka pia, na nadhani tangu hapo alimpenda. Ndivyo alivyokuwa Kirangozi: watu walimpenda kwa ulimi uleule ambao baadaye uliwachoma.

Kwa kila mpagazi mgeni, Kirangozi alikuwa na utaratibu wa kumpima. Kwanza alimtembeza mikono mitupu, kisha akiwa na mzigo, kisha akamteremsha mlima, na mwisho akamtazama akinywa maji. "Mwenye ugonjwa huuficha penye tambarare," alikuwa akisema. "Mteremko hauna siri." Motokaa aliipima kwa utaratibu uleule, hatua kwa hatua, bila haraka, kama aliyeletewa kijana asiyejulikana kwao.

Saa hakuwa nayo. Mwendo aliupima kwa wimbo. Wapagazi wa zamani walikuwa na wimbo wa kutembelea, na yeye alijua hurudiwa mara ngapi kutoka stesheni mpaka Makutupora, na mara ngapi kutoka Makutupora mpaka chini ya vilima vya Chenene. Safari ya kwanza iliondoka Jumatatu, tarehe 8 Julai 1912. Kirangozi alitangulia kwa miguu kabla ya jua kuchomoza, akiimba peke yake. Motokaa ilimpita kwa kishindo na vumbi, Bwana Fundi akimpungia kofia. Baada ya mwendo si mrefu aliikuta imekaa kando ya njia, gurudumu moja limenywea kama kibuyu kilichopasuka, na miiba ya mgunga imejaa ndani yake.

"Mgeni, pole na safari," aliiambia, akapita.

Makutupora alifika wa kwanza. Bwana Fundi alipofika alimwonyesha daftari lake na kumwambia kwamba motokaa, ilipokuwa ikienda, iliwashinda wapagazi mara sita. Kirangozi alikuwa amekwisha kula na alikuwa akijichokoa meno.

"Wewe unahesabu mbio, Bwana. Mimi nahesabu kufika."

Kutokana na miiba ile, sisi wanawake tulipata kazi. Kirangozi alilishauri boma kwamba njia ifagiliwe, na tukatolewa nyumba kwa nyumba, kila mmoja na ufagio wa matawi. Tulifagia tumeinama, na kazi ya kuinama huzaa maneno.

"Tunamfagilia bibi harusi," alisema mmoja wetu.

"Bibi harusi gani anakohoa hivi? Huyo amekwisha olewa mara tatu."

"Na mahari yake ni miiba."

Kirangozi alikuwa akipita nyuma yetu akitembeza wayo wake mtupu juu ya mchanga tulioufagia, ili aone kama tumebakiza mwiba. Hakumwamini hata mmoja wetu. Nguvu zetu, aibu zetu, hata nasaba zetu hazikuwa ushahidi kwake. Ushahidi ulikuwa ni wayo. Ninakiri kwamba kwa njia ile tulifagia vizuri.

Breki alizipima katika mteremko wa Chenene, na habari hii ilisimuliwa Dodoma kwa mwezi mzima. Alimtaka Bwana Fundi apakie mifuko ya mchanga mahali pa watu, ashuke mpaka katikati, kisha asimame. Bwana Fundi alikasirika, akasema breki zilikwisha kupimwa kwao Ulaya.

"Mlima wa Ulaya siujui," alisema Kirangozi. "Lakini tusigombane. Tuweke mbele ya motokaa kitu unachokipenda, ili mguu wako ukumbuke kukanyaga."

Akalichukua sanduku la kamera la Bwana Fundi mwenyewe, akaliweka katikati ya njia, chini kidogo ya mahali palipokubaliwa. Breki ya mguu ilitoa moshi na harufu ya ngozi inayoungua, na motokaa iliendelea kuteleza polepole kama mtu anayesinzia. Breki ya mkono ndiyo iliyoishika, ikiwa imebaki nafasi ya mkono mmoja kabla ya sanduku. Tangu siku hiyo, katika kila mteremko, wanaume wawili walitembea kando ya magurudumu ya nyuma wakiwa na vipande vya gogo vya kuzuia, na nyuma ya motokaa likaburutwa shina la mti. "Breki ya mguu, breki ya mkono, na breki ya mti," alisema. "Hii ya tatu ndiyo ninayoufahamu ukoo wake." Katika safari zote za motokaa ile hakufa mtu wala hakuvunjika mguu. Nalisema hili kwa haki yake.

Palikuwa pia na shauri la maji. Katika nchi yetu maji ya kiangazi yana wenyewe, na tangu zamani msafara haukuyagusa bila maneno. Tumbo la motokaa lilichemka kila baada ya mwendo kidogo, likataka maji. Katika kisima kimoja mwenye kisima, mzee wa Kigogo aliyevaa mgolole, alikataa mpaka aelezwe.

"Mbukwa, mzee," Kirangozi alimwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa. Nani anayekunywa?"

"Ni huyu."

"Ana ng'ombe?"

"Hana."

"Akishakunywa, atakojoa wapi? Kisima kiko jirani."

"Hakojoi. Hupumua tu, yakaisha."

Mzee alirudi nyuma hatua moja. "Basi ni mchawi huyo. Mnywesheni aende zake, na asirudi usiku."

Kirangozi aliporudi Dodoma alimwambia Bwana Fundi kwamba hesabu yake ya benzini ilikuwa na udanganyifu, maana iliacha maji. Kiumbe anayekunywa vitu viwili, alisema, hawezi kusifiwa kwa kunywa kimoja kidogo. Sijui kama Bwana Fundi aliliandika hilo. Ningekuwa mimi, ningeliandika.

Mtu atadhani aliichukia. Mimi nilimwona kwa macho yangu, adhuhuri moja ambapo wengine walikuwa wamelala, akivua kilemba chake na kupangusa vioo vya taa za motokaa, kimoja baada ya kingine, akihema juu yake kwanza ili king'are. Aliponiona alikifunga kilemba kichwani na vumbi lake na kusema kwamba kioo kichafu huficha ufa. Alimshuku kila mtu, lakini hapakuwa na mpagazi aliyelala na njaa katika kambi yake. Mwaka 1909 mume wangu aliposhikwa na homa njiani, Kirangozi alimbeba mgongoni tangu asubuhi hadi jioni, na mzigo wake akaugawanya kwa wengine. Ndiyo maana neno lake juu ya mume wangu liliaminiwa baadaye. Hapakuwa na mtu ambaye angeweza kusema kwamba alimchukia.

Sasa nifike kwenye madebe.

Desturi ya misafara, ambayo Kirangozi aliishika kama wengine wanavyoishika sala, ilikuwa kwamba mizigo haiwekwi kivulini. Kambi ikichaguliwa, mizigo hupangwa mahali peupe, katikati, mstari mmoja, kila mzigo umeachana na mwenziwe kwa hatua moja. Watu hukaa kivulini wakiitazama. "Kivuli kina mikono," alikuwa akisema. Kwa nguo, chumvi na majembe, desturi hiyo ilikuwa na akili, na ilimfanya awe kirangozi ambaye matajiri waligombania kumwajiri. Madebe ya benzini aliyapanga hivyohivyo. Isitoshe, aliipumzisha motokaa kama alivyowapumzisha watu, tangu jua linapokuwa kali mpaka linapoanza kulegea. Na saa zote hizo madebe yalisimama peupe, wazi, mbele ya macho ya kila mtu, na mume wangu ameketi akiyalinda.

Safari ya tatu iliondoka Jumatatu, tarehe 5 Agosti 1912, ikiwa na madebe mengi kuliko zile mbili za kwanza, maana Bwana Fundi alitaka kwenda Kondoa na kurudi bila kuongezewa. Nilikwenda nayo mimi mwenyewe, miongoni mwa wanawake wanne wa kuteka maji. Niliyasikia madebe yale kwa masikio yangu. Jua lilipofika utosini yalivimba mbavu, yakatoa mlio mwembamba, na penye maungio ya bati yaliyozibwa kwa risasi hewa ilitetemeka kama inavyotetemeka juu ya jiko. Siku ya kwanza nilidhani ni nyoka. Nilimwambia mume wangu. Yeye alimwambia Kirangozi.

"Yanalia, baba."

"Mzigo unaolia haujaibwa," alijibu Kirangozi. "Ukinyamaza, niamshe."

Tulirudi Dodoma Jumanne, tarehe 13 Agosti. Bwana Fundi alitumbukiza fimbo yake yenye alama katika kila debe lililobaki. Hesabu ilipojumlishwa, ilionekana kwamba benzini ya madebe matatu mazima haikunywewa na motokaa wala haikuwapo. Bwana Fundi, ambaye kazi yake yote ilisimama juu ya kuonyesha kwamba motokaa inakunywa kidogo, alitaka kujua ni nani mwingine aliyekunywa. Watu walikuwa wakiitafuta benzini kwa kuulia chawa na kuwashia taa, kwa hiyo wizi haukuwa jambo la kushangaza.

Shauri lilisikilizwa bomani Jumamosi, tarehe 17 Agosti. Bwana Mkubwa wa boma alimuuliza Kirangozi, kama ilivyo haki ya kiongozi wa msafara kuulizwa kwanza.

"Mizigo iliwekwa wapi?"

"Peupe, Bwana, mbele ya macho."

"Nani aliyekaa nayo?"

Kirangozi alimtaja mume wangu.

"Unamshuku?"

Kirangozi alimwendea mume wangu, akaishika nguo yake penye bega, akainusa. Akavuta pumzi tena, upande wa pili. Nilikuwa nimesimama nje penye ua, pamoja na wake wa askari, na niliona yote.

"Inanuka benzini," alisema.

Mume wangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, nimeyabeba mimi. Ningenuka nini?"

Mtu mmoja alicheka. Bwana Mkubwa alidhani anadhihakiwa. Viboko vya mume wangu vilikuwa ishirini na vitano, na vilipigwa palepale kabla ya adhuhuri, kisha akafukuzwa kazi. Kirangozi alisimama akavitazama vyote. Wengine husema alilia. Mimi sikuona machozi, na nilikuwa karibu.

Ijumaa, tarehe 23 Agosti, siku ya sita baada ya viboko, nilipita nyuma ya nyumba ya Kirangozi nikienda kuomba mafuta ya kondoo ya kumpaka mume wangu mgongo. Uani kwake palikuwa na mti wa mabegani, ule ambao wapagazi huning'inizia mizigo miwili, umetundikwa kwa kamba katikati yake kama mizani. Upande mmoja debe la benzini, limezibwa vizuri. Upande wa pili debe la maji, na juu yake kokoto zilizoongezwa au kupunguzwa mpaka uzito uwe sawa. Vyote viko juani, katikati ya ua, peupe. Lakini uzito haukuwa sawa tena. Mti ulikuwa umelala. Upande wa benzini umepanda juu kabisa, na hapakuwa na mtu mwingine katika ua ule ila yeye, ameketi juu ya kigoda akiutazama.

Naye akaniona ninautazama.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba."

Akainuka, akaushusha mti, akaingia ndani. Mafuta ya kondoo sikuomba.

Nilipomweleza mume wangu, alikuwa amelala kifudifudi. Akasema, "Usiseme popote. Neno la mwanamke juu ya neno la Kirangozi litatuletea viboko vingine, na mgongo ninao mmoja." Nilimtii. Hilo ni kosa langu, na nimeliandika pamoja na ya Kirangozi.

Nilingoja Kirangozi aende bomani. Hakwenda. Alichofanya ni hiki: katika safari ya nne alichimbisha shimo kwa kila kambi, madebe yakashushwa humo, yakafunikwa majani mabichi na ngozi ya ng'ombe iliyoloweshwa. Alisema ni amri mpya, wala hakueleza sababu. Motokaa ilipumzika chini ya miti. Waliporudi, fimbo ya Bwana Fundi ilikuta karibu kila tone mahali pake. Bwana Fundi alifurahi sana. Dodoma nzima ilisema jambo moja, na nani angewalaumu: mwizi ameondolewa, na wizi umekwisha. Kirangozi alipewa koti la sufu lenye vifungo vya shaba, akalivaa.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Kama angekaa kimya tu na kuyaacha madebe juani, yangeendelea kupungua mikononi mwa mtunzaji mwingine, na kila mtu angeona. Kwa kurekebisha kosa lake kimyakimya, alimtia mume wangu hatiani mara ya pili, na safari hii pasipo shauri wala shahidi. Alijua? Mtu aliyeshuku hata kioo cha taa hawezi kuniambia kwamba hakujua.

Baba mkwe wangu, aliyekaa upande wa Makutupora, alituma neno kwamba hana mwana mwizi. Tulihamia Mpwapwa, mume wangu akapata kazi ya kuchanganya udongo kwa waashi, nami nikaingia darasani. Mwaka uliofuata Kirangozi naye alirudi kwao Mpwapwa, maana motokaa ilikuwa imepelekwa kwingine na yeye alikuwa amechoka. Tuliishi mji mmoja. Tukikutana njiani aliamkiwa akaitika, nasi tuliitikiwa tukapita. Mume wangu hakupata kumsema vibaya. Mara moja tu, tukila, alisema, "Alinibeba siku nzima, yule mzee," kisha akaendelea kula. Sikujua kama alikuwa akimtetea au akimshtaki.

Vita vilipokuja, wapagazi walihitajika tena, na mume wangu alichukuliwa. Habari ya kifo chake ilinifikia Alhamisi, tarehe 4 Novemba 1915. Aliugua tumbo akiwa na mzigo, akazikwa njiani. Nilinyoa kichwa changu siku hiyohiyo. Nikapeleka habari kwa baba mkwe, kama ipasavyo, ili kwao wanyoe na wakae matanga. Mjumbe alirudi na jibu: wamesikia. Hawakunyoa. Kwetu, mtu ambaye kwao hawakumnyolea ni kama mnyama aliyefia porini. Hatajwi, na mtoto hapewi jina lake. Niliweza kuvumilia ujane. Hilo sikuweza.

Jumatatu, tarehe 10 Januari 1916, Kirangozi alikuja mlangoni pangu. Alikuwa amekonda, na koti la vifungo vya shaba hakulivaa. Nilimpa kigoda nje, mahali ambapo majirani wangetuona, kwa kuwa sikumwamini.

"Nimesikia kwao hawajanyoa," alisema.

"Umesikia kweli."

"Alikuwa mpagazi wangu, yule."

"Mpagazi wako alikuwa. Mimi ni mke wake."

Alikubali kwa kichwa. "Desturi yetu," alisema, "mpagazi akifia njiani, kirangozi ndiye hupeleka habari kwao. Hatumi mtu. Huenda mwenyewe, na husema mtu huyo alibeba nini na alikibebaje."

"Habari ya kufa wanayo."

"Najua. Ninayoipeleka siyo hiyo."

Nilimuuliza kwa nini amengoja miaka mitatu na miezi mitano. Nilitaka aseme alimwogopa Bwana Mkubwa, kwa maana hofu ya viboko ningeweza kuielewa.

"Mwanangu," alisema, "nilikuwa nimekula kwa desturi ile maisha yangu yote. Kivuli kina mikono. Nikisema jua ndilo lililoiba, nimesema mimi ndiye niliyelifungulia. Kila siku nilisema kesho."

"Utayasema haya mbele ya baba mkwe? Kama unavyoyasema kwangu?"

"Mbele yake na mbele ya watakaokuwapo."

Sikumwamini bado. Nilimwambia tutakwenda pamoja, nami nitatembea nyuma yake. Garimoshi hakulitaka, wala motokaa ya askari iliyotupita siku ya pili ikinuka mafuta ya mbata, maana benzini ilikuwa imeadimika kwa vita. Tulitembea siku tano katika matope ya masika. Mara nyingi alisimama kupumua, na kila aliposimama nilidhani atageuka. Hakugeuka.

Tulifika Jumamosi, tarehe 15 Januari, jua likiwa bado juu. Baba mkwe alikuwa penye mlango wa tembe lake pamoja na mke wake na ndugu zake wawili. Kirangozi aliamkiana nao, akakataa kukaa, akasema akiwa amesimama. Alieleza desturi ya kupanga mizigo. Alieleza mlio wa madebe, na kwamba mume wangu alimwambia, na kwamba hakusikiliza. Alieleza jinsi alivyoinusa nguo. Alieleza mti wa mabegani ulivyolala, na shimo, na koti. Hakuacha kitu, na hakuongeza. Niliyafuata maneno yake moja moja kama nilivyofuata mistari darasani, nikingoja mahali atakapojipunguzia, na hakujipunguzia.

"Mwanao hakuiba," alimaliza. "Alilinda mpaka mwisho kitu kilichokuwa kinaondoka mbele ya macho yake, na aliponiambia, nilimnyamazisha."

Mmoja wa ndugu za baba mkwe alitaka kusema neno, baba mkwe akamzuia kwa mkono. Kisha, bila kumtazama Kirangozi wala mimi, alimwambia mkewe:

"Lete wembe."

Waliketi mstari mmoja juu ya ngozi, baba mkwe kwanza, kisha ndugu zake, na mama mkwe akawanyoa, akitumbukiza wembe katika maji na kulia bila sauti. Nywele zangu zilikuwa zimeanza kuota. Nikaketi, nikanyolewa upya pamoja nao. Kirangozi alivua kofia yake. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Akaja taratibu, akaketi mwisho wa mstari, nje ya ngozi, juu ya udongo, akainamisha kichwa.

Hakuna aliyemfukuza. Mama mkwe alipomaliza kuninyoa mimi alisimama na wembe mkononi, akamtazama, kisha akaufuta kwa nguo yake na kuurudisha ndani.